Kumbikumbi wa Bahari: Mfumuko wa Mwani na Majira ya Mto Nile

Muziri wanaopimwa kwa kikopo sokoni Arua, angara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa kabla ya kuvushwa mpaka kwenda Kongo, na mukene wanaopandishwa lori kutoka Ziwa Viktoria hadi Koboko, wote ni samaki, na asili yao ni chakula kimoja ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona kikiwa chembe mojamoja, nacho ni mwani. Mwani ukizidi kwa ghafla hadi maji yakabadilika rangi, watu wengi huchukizwa, na mara nyingine wana haki ya kuchukizwa. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za dunia wavuvi wa bahari huishi kwa kuusubiri mwani huo ufumuke. Mazungumzo haya yanahusu mfumuko wa mwani unaokuja kwa msimu, namna unavyotokea na namna unavyoilisha bahari, na yanausogelea kwa njia ya mto unaopita Pakwach, Rhino Camp, Obongi na Laropi, kwa sababu mfumuko mmoja mashuhuri sana ulikuwa ukitokea kila mwaka mbele ya mdomo wa mto huohuo, katika pwani ya Misri, hadi siku ulipokatwa na mkono wa binadamu.

Neno mwani huweza kumbabaisha msikilizaji kwa kuwa lina matumizi mawili. Kwa mkazi wa Paje au Jambiani, kule Unguja, mwani ni ule ambao wanawake huufunga kwenye kamba zilizotandazwa katika maji mafupi, wakauvuna, wakauanika na kuuuza, nao hushikika mkononi kama jani lolote. Mwani unaozungumziwa hapa ni jamaa wa mbali wa huo, ambao mwili wake wote ni seli moja, hauna mzizi wala shina, huelea karibu na uso wa maji na kwenda popote maji yanapoupeleka. Wataalamu huuita fitoplanktoni, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya mimea inayotangatanga. Miongoni mwake wamo daiatomu, ambao kila mmoja hujijengea ganda la silika, yaani madini yaleyale yanayotengenezewa kioo, na ganda hilo likitazamwa kwa hadubini huonekana kama kijaluba chenye kifuniko kilichokaa sawasawa juu ya chombo chake, kuta zake zikiwa zimetobolewa vitundu kwa mpangilio ambao sonara angeuonea wivu. Viumbe hawa hufanya usanisinuru, yaani hutumia mwanga wa jua kugeuza maji na hewa ya kaboni kuwa chakula kama ufanyavyo muhogo shambani, na ingawa uzito wao wote ukijumlishwa ni mdogo mno mbele ya uzito wa misitu na nyika, wao ndio wanaofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, kwa sababu seli moja huweza kugawanyika kuwa mbili katika siku moja au mbili, na kizazi kipya huliwa karibu upesi ileile kinavyozaliwa. Kiasi cha chakula kinachotengenezwa kwa njia hiyo, katika eneo fulani la bahari na kwa muda fulani, ndicho kinachoitwa uzalishaji wa bahari.

Tatizo la bahari ni kwamba mwanga uko juu na mbolea iko chini. Jua haliwezi kupenya maji zaidi ya meta mia moja au mia mbili kwa nguvu inayofaa usanisinuru, na mara nyingi huishia kabla ya kufika hapo, ilhali virutubisho ambavyo mwani unavihitaji, hasa naitrojeni na fosforasi, na kwa daiatomu silika pia, huzama pamoja na mizoga na kinyesi cha viumbe wote waliowahi kula na kufa katika maji ya juu. Jua la nchi za joto huongeza ugumu huo, kwa kuwa huyapasha moto maji ya juu yakawa mepesi, nayo hukaa juu ya maji baridi yaliyo mazito kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, na matabaka hayo mawili hayachanganyiki mpaka nguvu fulani iyalazimishe. Kwa sababu hiyo bahari yenye maji maangavu ya buluu, ile inayosifiwa na watalii, kwa kawaida ni jangwa: maji yake yanaonyesha hadi chini kwa kuwa ndani yake hamna kitu kinachoota. Nguvu inayoweza kulivunja jangwa hilo ni upepo unaokoroga maji, au mkondo unaopandisha maji ya kina, au mto unaoleta udongo kutoka bara, na kila moja kati ya nguvu hizo ina majira yake. Nguvu ikija, mbolea hufika kwenye mwanga, na mwani hufumuka.

Wakazi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanao mfano wa jambo hilo nyumbani kwao. Mvua ikishanyesha na udongo ukalainika, kumbikumbi hutoka kichuguuni kwa maelfu katika muda wa saa chache. Kuku, vyura, mijusi na ndege hushiba pamoja na watoto wanaowakinga kwa taa na beseni la maji, na bado wanasalia wa kutosha kwenda kuanzisha vichuguu vingine. Lau wangetoka wachache wachache kila siku ya mwaka, wangemalizwa na ndege walewale wa kila siku, na pasingekuwa na usiku hata mmoja ambao harufu ya kikaango huenea mtaa mzima. Mfumuko wa mwani una tabia hiyohiyo, kwa maana faida yake hutokana na kuja kwa wingi, kwa pamoja na kwa wakati unaojulikana, kuliko jumla ya kinachozalishwa kwa mwaka mzima. Mtaalamu wa uvuvi wa Norway, Johan Hjort, alilieleza jambo hilo mwaka 1914 alipojaribu kujua kwa nini miaka fulani ilileta samaki tele na mingine ikaleta njaa, akapendekeza kwamba kifaranga cha samaki huanguliwa kikiwa na akiba ndogo ya kiini cha yai inayokitosha kwa siku chache tu, na kama akiba hiyo ikiisha kabla hakijakutana na chakula majini, kizazi chote cha mwaka huo huweza kupotea. Samaki wakubwa, kwa hiyo, hutaga mayai kwa kuhesabu majira, na hesabu yao si ya vitabu.

Waswahili wa pwani wanazijua nguvu zinazoifikisha mbolea kwenye mwanga kwa majina ya pepo, kaskazi na kusi, ingawa mara nyingi huzizungumzia kama habari za jahazi na ngalawa kuliko kama habari za mbolea. Katika pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman, kusi ya kuanzia Juni hadi Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, maji baridi yakapanda kutoka chini kushika nafasi yake, bahari ikageuka kijani, na baada ya hapo sardini huja pwani kwa makundi, wakavuliwa na kuanikwa mchangani hadi wengine wakawa lishe ya ngamia na ng'ombe. Nchi hiyohiyo imeonja pia upande wa pili. Kuanzia Agosti 2008 hadi mwaka 2009 mwani mwekundu wa aina ya Cochlodinium ulifumuka katika maji ya Oman na Falme za Kiarabu, ukaua samaki kwa wingi na kulazimisha mitambo inayochuja maji ya bahari kuwa maji ya kunywa isimamishwe, na kwa miji inayokunywa bahari hilo halikuwa jambo dogo.

Habari ya mto Nile ni ndefu zaidi, nayo inastahili kusimuliwa taratibu. Upande wa mashariki wa Bahari ya Mediterania ni miongoni mwa maji yaliyo maskini kabisa kwa virutubisho duniani, lakini kwa karne nyingi umaskini huo ulikuwa ukivunjwa kwa miezi michache kila mwaka mbele ya Rosetta na Damietta, yaani Rashid na Dumyat, mahali Nile inapoingia baharini kwa mikono yake miwili. Mvua za Ethiopia za Juni hadi Septemba ziliujaza mto ukawa mwekundu kwa udongo, gharika ikashuka kupitia Sudan na Misri, na kuanzia Agosti maji matamu yenye matope yalitandaa juu ya maji ya chumvi na kufuata mkondo kuelekea mashariki. Matope yalipoanza kutua na mwanga ukapata njia, daiatomu walifumuka kwa kiasi ambacho lita moja ya maji ilihesabiwa kuwa na seli zaidi ya milioni moja, katika bahari ambayo kwa kawaida haina hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Mwanasayansi wa Misri, Youssef Halim wa Alexandria, aliueleza mfumuko huo katika makala aliyoichapisha mwaka 1960, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeitaka, mwaka huohuo ndio kazi ya kujenga Bwawa Kuu la Aswan ilipoanza, kiasi kwamba maelezo yake yaligeuka kuwa kumbukumbu ya kitu kilichokuwa kikielekea mwisho.

Hapa ni lazima jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu fahari ya nyumbani huweza kumpotosha mtu. Udongo uliowalisha daiatomu wa Misri haukutoka West Nile. Mto Enyau wa Arua na mto Kochi wa Koboko humwaga maji yake katika Nile ya Albert, nayo huvuka mpaka Nimule na kuingia Sudan Kusini, lakini baada ya hapo mto hutawanyika katika kinamasi kikubwa cha Sudd, ambako karibu nusu ya maji hupotea hewani kwa mvuke na udongo hukamatwa na mafunjo, hata yale yanayotoka upande wa pili huwa yamechujwa kama pombe ya mtama iliyopita kwenye chujio. Nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu, Sobat na Atbara, ndizo zilizotoa takriban asilimia 85 ya maji yaliyofika Aswan kwa mwaka, na katika miezi ya gharika sehemu yao ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Mchango wa mto wa huku ulikuwa wa namna nyingine: ulitiririka kwa kiasi kilekile mwaka mzima, na katika miezi ambayo mito ya Ethiopia ilipungua sana ukabaki kuwa tegemeo kuu la Misri. Kwa hiyo tumbo la mkulima wa Misri katika miezi ya kiangazi lilikuwa na deni kwa maziwa ya Afrika Mashariki, na sardini wa Mediterania walikuwa na deni kwa milima ya Ethiopia. Wala uhusiano wa West Nile na Misri si jambo la kubuniwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa kuwa Wadelai, kandokando ya mto huu, palikuwa makao ya Emin Pasha katika miaka ya 1880, alipokuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya serikali ya Misri, na koo kadhaa za Wanubi wa Arua na Koboko huhesabu nasaba zao hadi kwa askari wa zama hizo.

Mwaka 1964 mto ulizibwa Aswan, na gharika ya mwaka huo ikawa ya mwisho kufika baharini kwa namna ya kale; bwawa lenyewe lilikamilika mwaka 1970. Udongo ulianza kutua katika Ziwa Nasser, na maji ambayo zamani yalikuwa yakimiminika baharini kwa miezi michache yakagawanywa katika mifereji ya umwagiliaji kwa mwaka mzima, hata kilichobaki cha kuingia Mediterania kikawa sehemu ndogo tu ya kile cha zamani. Misri ilipata umeme, ikapata mavuno zaidi ya moja kwa mwaka, ikaepuka ukame ulioziumiza nchi jirani katika miaka ya 1980, na mtu mwadilifu hawezi kulipima bwawa hilo bila kuyataja hayo. Baharini, hata hivyo, hesabu ilikuwa kali na ya haraka. Wavuvi wa Misri waliokuwa wamevua takriban tani 18,000 za sardini mwaka 1962, kufikia mwaka 1968 hawakufikisha tani 1,000, na uvuvi wa kamba nao ukaanguka vibaya. Hapakuwa na mwani wa kuwalisha vijidudu wadogo waitwao zooplanktoni, hapakuwa na zooplanktoni wa kuwalisha sardini, na mashua zilizokuwa zikingoja Septemba kama mkulima anavyongoja mvua zikabaki pwani au zikahamia maji ya mbali.

Kilichofuata ndicho kinachowafanya wataalamu wabishane. Kuanzia miaka ya 1980 samaki walianza kurudi mbele ya Delta, pole pole kwanza na kisha kwa kasi, ingawa gharika haikurudi. Scott Nixon, mtaalamu wa bahari kutoka Marekani, aliyeifuatilia habari hiyo, alitoa hoja kwamba virutubisho vilivyokuwa vikiletwa na Nile sasa vinaletwa na watu wenyewe: mbolea za viwandani zinazosombwa kutoka mashambani, ambazo matumizi yake nchini Misri yaliongezeka sana baada ya bwawa, pamoja na maji taka ya Cairo na Alexandria, ambayo mabomba mapya yaliyachukua kutoka mitaani na kuyafikisha majini. Kwa hesabu ya tani peke yake mtu angeweza kusema deni limelipwa. Hesabu hiyo haitoshi. Gharika ilikuja mara moja kwa mwaka, ikaleta silika pamoja na naitrojeni na fosforasi, ikawalea daiatomu, kisha ikaondoka na kuiacha bahari ipumue. Maji taka huja kila siku, hayana silika ya kutosha, na hupitia kwanza katika maziwa ya Delta, ambako mwani huzidi mwaka mzima na oksijeni hupungua. Bahari imepewa chakula chake bila kupewa majira yake, na hicho ni chakula cha namna nyingine kabisa.

Asiyeamini kwamba tofauti hiyo ina uzito na atazame Ziwa Viktoria, ambalo si bahari ila kwa ukubwa wake huendeshwa na kanuni zilezile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza J. F. Talling, akifanya kazi katika maabara ya uvuvi ya Jinja, alifuatilia ziwa hilo kwa mwaka mzima na kuonyesha kwamba lilikuwa na mwendo wake wa msimu: pepo za kusini-mashariki za Juni na Julai ziliyapoza maji ya juu hadi yakazama na kuchanganyika na ya chini, mbolea ikapanda, na daiatomu wakafumuka, baada ya hapo matabaka yalijipanga upya na ziwa likatulia. Miaka 30 baadaye Rose Mugidde, mtafiti wa Uganda, alipopima upya maji ya upande wa Uganda, alikuta uzalishaji umefikia takriban maradufu ya ule wa wakati wa Talling, na wingi wa mwani umepanda zaidi ya hapo. Mashamba yaliyomomonyoka, moshi wa nyika zinazochomwa na maji taka ya miji vilikuwa vimeleta fosforasi. Silika ilikuwa imepungua kwa kuwa daiatomu wengi walizama nayo chini. Na nafasi yao ilikuwa imeshikwa na sayanobakteria, viumbe vya kijani-buluu ambavyo baadhi yao huweza kujichukulia naitrojeni hewani, hivyo havihitaji kusubiri upepo wowote.

Madhara yake hayakuishia kwenye rangi ya maji. Wataalamu kutoka Uholanzi walieleza mwaka 1997 kwamba fulu, wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje, huchaguana kwa rangi, jike akimtafuta dume mwekundu au wa buluu kulingana na aina yake; na katika maji yaliyofunikwa na kijani jike hawezi tena kuona tofauti, akajamiiana na dume wa aina nyingine, na aina zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zikaanza kuchanganyika kuwa moja. Mwani unaokufa kwa wingi nao huzama na kuozeshwa na bakteria wanaotumia oksijeni, na maji ya chini yakabaki bila hewa. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa walielea wakiwa wamekufa kwenye fukwe za Viktoria na Kyoga, na wizara inayosimamia uvuvi nchini Uganda ilieleza kuwa chanzo ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyakoroga maji. Sangara, ambaye babu zake baadhi walichukuliwa kutoka Ziwa Albert na kupandikizwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, huhitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wanaoishi naye, basi hutangulia kufa.

Ziwa Albert lenyewe, ambalo ndilo jirani wa West Nile, lina tabia yake. Maji yake yana chumvichumvi na fosforasi nyingi kuliko ya Viktoria, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mto Semliki unaotoka Ziwa Edward na miteremko ya Rwenzori, ilhali Nile inayotoka Viktoria huingia kwenye ncha ya kaskazini kabisa, karibu na pale mto unapotokea tena kwenda Pakwach, kiasi kwamba inagusa ziwa kama mgeni aliyeishia barazani. Muziri na ragoge, samaki wadogo wanaokula zooplanktoni, sasa ndio sehemu kubwa ya kinachovuliwa humo, na angara naye hutegemea zaidi chakula hichohicho. Mfuko mmoja wa muziri waliokauka ni mwani uliobadilishwa mara mbili tu, kwanza ukawa zooplanktoni kisha ukawa samaki, na kwa kuwa katika kila hatua karibu sehemu tisa kati ya kumi za chakula hupotea kwa kupumua na kutembea, samaki wa hatua ya pili huwapo kwa wingi na kwa bei nafuu kuliko sangara, aliye hatua moja au mbili mbele yake. Ndiyo maana kikopo cha muziri kinanunulika hata na mtu ambaye hawezi kununua pande la sangara.

Kuna mwani mmoja ambao haufai kuchezewa. Baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu iitwayo mikrosistini inayodhuru ini, na Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu vya magonjwa ya tumbo lakini hakuiondoi sumu hiyo, tena huipasua seli na kuimwaga yote ndani ya sufuria. Maji ya bwawa au lambo yaliyofunikwa na utando wa kijani mzito unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika yaachwe, na ng'ombe na mbuzi wazuiwe pia, maana mifugo imekufa kwa maji ya namna hiyo katika nchi nyingi.

Wafugaji wa samaki wa Arua na Koboko wanaotia samadi ya kuku au ya ng'ombe katika mabwawa yao ili maji yawe kijani na ngege wapate chakula, wanafanya kwa mikono kile ambacho gharika ya Ethiopia ilikuwa ikiifanyia Mediterania, na wanaweza kukosea kwa namna ileile ambayo Ziwa Viktoria limekosewa. Kipimo chao wanacho mwilini. Mkono uingizwe majini taratibu ukiwa umenyooka, kiganja kikiwa kimefunguliwa: kiganja kikipotea wakati maji yanafika karibu na kiwiko, mwani unatosha, kikionekana vizuri hata baada ya kiwiko kuzama, bwawa lina njaa na samadi inaweza kuongezwa, kikipotea mapema kabla ya hapo, mwani umezidi na samadi isimamishwe. Mwani hupumua usiku kama samaki wanavyopumua, basi samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, oksijeni imekwisha, na maji mapya yafunguliwe yaingie bwawani mara moja, bila kungoja jua lipande.